Makangaga ya Marehemu

Udongo wa kaburi haujakauka, shemeji alikuja na mkokoteni.

Nyuma ya nyumba, pale tenki la maji linapovuja, mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na banda la makangaga, mimea ya majani isiyotoa maua. Tuliwauzia wapambaji wa kumbi, na ndilo lililotulisha. Shemeji, mdogo wake, anakaa ng'ambo ya ukuta. Akasema mali ya kaka hurudi kwa ndugu. Nilimwomba aniachie banda tu, nile jasho langu. Akajibu kwamba nitatunzwa.

Basi nikamwomba angalau asiyachanganye. Yale ya majani mapana ni ya kinamasi, yanataka joto, na miguu iwe majini. Yale membamba kama nywele za kichanga tuliyatoa mlimani kwenye ukungu, na jua kali ni kifo chao. Lile dogo ni la mwambani, halitaki kuloweshwa. Kiangazi hujikunja kama ngumi, ukadhani limekufa, likionja maji hufunguka. Marehemu aliliita Kauka-Nikuvae, kwa kuwa siku za uchumba wetu naye alikuwa na shati moja.

Shemeji alicheka mpaka akashika kiuno.

"Shemeji, majani nayo yana madeko? Kwangu yatakula sahani moja."

Aliyapanga yote uani kwake, juu ya saruji, juani, akawa anayamwagia kwa mpira. Nikienda kusali nilikuwa nayaona kupitia geti. Ya mlimani yalitangulia, yakasinyaa kama majani ya chai. Ya kinamasi yakafuata, maana saruji haishiki maji. Shemeji akakata tamaa, mpira akautundika. Kauka-Nikuvae likajikunja, mkewe akalitupa jalalani pamoja na maganda.

Nililiokota. Nikalipanda kwenye kopo lenye kokoto, nikaliweka dirishani, nikalinyunyizia kwa vidole. Kulipokucha lilikuwa limefunguka, kijani kibichi. Nikakaa chini nikalia, kisha nikamshukuru Mungu. Mpambaji mmoja aliyekuja kunipa pole akaliona, akasema nikiyazalisha atayachukua yote. Nikaanza kukusanya makopo.

Maneno hayana miguu, lakini hufika. Shemeji akaja, akasimama mlangoni. Kiti nilimpa, hakukaa.

"Hilo ni la kaka," akasema.

"Ulilitupa, shemeji."

"Nilitupa lililokufa. Lililo hai ni la ukoo."

Nikampa. Namna ya kulitunza nilishamwambia, na kurudia sikurudia. Muda si muda nikamsikia ng'ambo ya ukuta akimwagiza mkewe afungulie mpira.

Tukikutana njiani hunisalimu, nami naitikia, adabu haijanishinda. Ila nikipiga magoti nawaombea wote mmoja mmoja, walio hai na waliotangulia, nikimfikia yeye namruka. Mungu ananiona, wala simfichi.