Rangi ya Mawe ya Redio

Nyumba ya Biasha pale Kilangala ilikuwa haipoi. Tangu watu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mstari kama shanga, redio ilikuwa moja tu, nayo ni yake. Jua likianza kulegea, watu hao: huyu na mtoto mgongoni, yule na ukili wa kusuka, mwingine na umbeya wake mbichi. Biasha anawagawia uji, anawapa pa kukaa, roho yake kwatu. Mtu akipita bila kuingia, anamwita kwa jina mpaka arudi.

Shida ya redio ni mawe, betri zake. Yakichoka aliyaanika juani kwenye ungo, yakapata nguvu ya nyimbo mbili tatu, yakachoka tena. Yakifa kabisa aliyapasua kwa mchi, akatoa ule unga mweusi, akauchemsha na ukili wa mikeka. Wenzake walitafuta weusi kwa kufukia ukili kwenye tope, wakangoja wee. Wake asubuhi chunguni, jioni mweusi tii! Wakimuuliza, anacheka: "Siri ya mwenye nyumba hiyo." Maji ya kusuuzia, maganda ya mawe na vijiti vyake vya ndani alivimwaga bondeni, juu kidogo ya kidimbwi ambamo wanawake huvundika mihogo mpaka uchungu utoke. Bondeni hapana mwenyewe, alijiambia.

Ikafika hitima ya baba yake Kibibi. Huyu Kibibi ni shoga yake Biasha wa siku nyingi, walitoka unyagoni pamoja. Ugali wa muhogo wa hitima ulitoka na rangi ya majivu. Watu hawajamaliza kula, mmoja akakimbilia nyuma ya nyumba, wa pili akamfuata, mpaka Likwata, balozi wa nyumba kumi, mtu mzima na kofia yake kichwani, akaonekana ameshikilia mkorosho anatapika. Hakufa mtu. Ila kwa mwanamke wa huku, kuambiwa hajui kuvundika mihogo ni bora atukanwe.

Na nani aliyelibeba neno hilo? Biasha.

"Kibibi na haraka zake!" alisema jioni, watu wamejaa hadi kibarazani. "Mihogo kaitoa majini ingali michungu. Marehemu mwenyewe angefufuka, tonge angelikataa!"

Walicheka mpaka redio haikusikika.

"Mdomo huo, Biasha, mdomo huo!" Mastura, jirani wa upande wa pili, alijifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Wangali wanacheka, Kibibi akaingia. Hakupiga hodi. Mkono mmoja alishika muhogo uliolowa, una mistari myeusi; wa pili ameufumba.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Likwata, hakumtazama.

Kibibi akainama, akaweka mkekani mbele ya Biasha kijiti cheusi cha mkaa chenye kikofia cha shaba kichwani.

"Kitu chako, shoga. Nimekiokota kidimbwini. Viko vingi, nimeshindwa kuvibeba."

Macho ya watu yakatoka kwenye kijiti, yakapanda kwenye redio, yakashuka kwenye mkeka mweusi walioukalia. Mastura akajisogeza taratibu, akakaa chini kwenye udongo. Biasha alitaka kusema hakujua, na ya kidimbwi kweli hakuyajua. Lakini ya Kibibi aliyasema kwa kinywa chake, tena kwa mbwembwe. Alipoinua uso, Kibibi keshaondoka.

Kesho yake akamfuata kwake.

"Hodi, shoga."

Ndani mchi ulikuwa ukitwanga. Haukusita hata pigo moja. Biasha alisimama pale mpaka wapita njia wakaanza kumsalimia kwa huruma, akarudi.

Jioni watu walikuja. Redio ni moja, waende wapi? Lakini kila mtu alikuja na kibuyu chake cha maji, na mkeka wake uliotiwa weusi kwa tope. Uji ukapoa chunguni, ukafanya utando. "Nimeshiba, Bi Biasha." "Nimetoka kula sasa hivi." Likwata, kwa adabu, alipokea kikombe, akakiweka chini ya kiti, akakisahau hukohuko.

Sauti ya mwimbaji ikaanza kulegea, ikawa nzito kama ya mlevi.

"Mawe hayo yamekwisha," mtu alisema.

Biasha akayatoa. Alisimama nayo mlangoni, miguu imeshaanza yenyewe kuelekea bondeni. Nyuma yake gumzo likakatika. Walikuwa wanangoja kuona anayapeleka wapi. Akatazama nyuma ya choo: maji ya pale yanateremkia mihogo ya Mastura. Akatazama kwenye mikorosho: shamba la kijiji. Kila alipotazama palikuwa na mwenyewe.

Akayafunga kwenye pindo la kanga.

"Weka mapya basi, Bi Biasha," alisema Mastura, kwa sauti ndogo.

"Sina."

Alikuwa nayo, mapya, chini ya kitanda; lakini nayo siku moja yangekufa, yakataka pa kutupwa. Watu walingoja kidogo, kisha mmoja mmoja wakaanza kukunja mikeka yao.