Damu ya Baba Mkwe

Mkwe wangu Atupele alijifungua salama, kisha damu ikakataa kusimama. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mwanangu Lugano akiuza mitumba sokoni Bulyaga. Akafika mbio hospitalini Tukuyu, koti lake la Ulaya bado lina lebo, mkono keshaukunja: "Chukueni yangu!"

Naseeb wa maabara akatudunga vidole: mimi, Lugano, na mzee wangu Ambindwile aliyejibanza nyuma ya mlango. Kwetu mke wa mwana haonani na baba mkwe. Atupele akisikia kikohozi chake tu, anaingia migombani.

Naseeb akadondoshea damu zetu dawa ya bluu. Yangu na ya Lugano zikashikana vidonge vidonge, kama maziwa yaliyoharibika. Ya mzee ikatulia. Akaijaribu kwa dawa ya manjano, ikatulia vilevile.

"Uchawi gani huo?" nikauliza.

"Kingamwili, Bibi. Askari wa mwili. Wako wanatoka kwenye bandama, tezi na uboho wa mifupa. Hawa wa kwenye dawa wametengenezwa maabara, kila mmoja anakamata damu ya aina yake tu. Atupele akipewa ya mumewe, askari wake wataishambulia, tutampoteza. Ya mzee ni sawa na yake."

"Mwee!" Ambindwile akaruka. "Damu yangu imwingie mkwe? Hata kivuli changu hajakikanyaga!"

"Baba Lugano, bandama lake limekukubali, wewe unaringa?"

"Mila, mama!"

"Haya. Mjukuu utamnyonyesha wewe. Ziwa unalo?"

Nesi akachungulia. "Mapigo yanapotea! Mnatoa au hamtoi?"

Mzee akalala kitandani, akanyoosha mkono, akafumba macho kana kwamba Atupele yumo ndani ya sindano. Damu ikapimwa magonjwa, ikaonekana safi, mfuko ukatundikwa. Mimi nashika miguu ya mkwe wangu, baridi kama jiwe la mto Kiwira. Nusu mfuko, miguu ikaanza kupata joto. Akafumbua macho.

"Mama, nani kanipa?"

"Baba mkwe wako," nesi akajibu. Mgeni yule, katokea Tabora, mila yetu haijui.

Weee! Binti ambaye hakuweza hata kuinua kidole alivuta shuka akajifunika uso, asiuone ule mfuko! Nikapiga kigelegele, wodi nzima ikageuka.

"Sasa nitamkaguaje macho kama damu inarudi?" nesi akalalamika.

Nikavua kilemba changu, nikauvisha mfuko.

"Haya, baba mkwe kajificha. Fungua, mwanangu."

Akafungua jicho moja.