Foleni ya Safari ya Mwezini

Mke wangu Verna alisambaza barua kwa miguu miaka kumi na minne katika mitaa ya Macon. Mbwa hawakumshinda, wala mvua, wala jua la Georgia. Kilichomshinda ni kibaraza kimoja chenye ubao uliooza. Alikuwa anashuka, mguu wa kushoto ukatumbukia, mfupa ukavunjika. Baada ya wiki saba daktari alitoa plasta, akatazama picha, akasema mfupa umeunga vizuri kabisa, mtu asingejua kama uliwahi kuvunjika.

Mfupa uliunga kweli. Maumivu hayakuondoka. Yalizidi. Daktari wa mishipa ya fahamu alituambia neva za mguu ule zimeharibika na zinatuma habari za uongo: kila kinachougusa, zinapiga kelele kwamba mguu unaungua. Verna mwenyewe alisema ni kama mtu anakumiminia maji ya moto, halafu anakupangusa kwa msasa. Soksi ilimtesa. Shuka ilimtesa. Upepo wa feni ulimtesa. Na ukiutazama mguu wenyewe, huoni kitu. Mguu mzuri tu wa mwanamke wa miaka arobaini na moja, labda na wekundu kidogo kwenye vidole ikifika jioni.

Miaka mitatu niliutazama mguu huo kila siku. Zilikuwepo siku ambazo hata mimi sikumwamini.

Mama yangu, Bernadine, hakuwa na siku hata moja ya kumwamini. "Mimi nimezaa wanne bila sindano," alikuwa akisema, "na kesho yake nafua." Verna alikuwa akimjibu, "Ndiyo, Mama," na kuendelea na shughuli zake.

Binti yetu Tansy alikuwa anatimiza miaka tisa mwezi wa Aprili. Tangu aanze shule tulikuwa tumemwahidi bustani ya burudani ya Larkmoor, kule Florida, na kila mwaka mguu ulitukatalia. Mwaka ule Verna alisema tunakwenda. Tansy hakutaka zile treni za kuruka na kupinduka. Alikuwa na mchezo mmoja tu moyoni, Safari ya Mwezini: vigari vinavyokwenda polepole gizani, juu ya mji wa taa, mpaka mwezini. Verna alikuwa ameutazama kwenye kompyuta mara nyingi. "Huo naweza," alisema. "Unakaa tu. Tatizo si mchezo. Tatizo ni foleni."

Foleni ya Safari ya Mwezini ni dakika tisini, wakati mwingine mia na ishirini. Ni watu wamebanana ndani ya vizuizi vya minyororo, watoto wanarukaruka, mikokoteni ya watoto wachanga inasukumwa, kila mtu amevaa ndala. Kwa mguu wa Verna, hapo ni kama kumwambia apite katikati ya moto. Lakini Larkmoor walikuwa na kadi kwa watu wenye ulemavu: unaandikishwa, unapewa saa ya kurudi, unasubiri nje. Ili uipate, lazima uzungumze na mfanyakazi wao kwa simu ya video kabla hujafika.

Verna alijiandaa kwa mazungumzo yale kama mtu anayekwenda mahakamani. Alipanga barua mbili za madaktari juu ya meza ya jikoni, na chupa za vidonge, na picha za hospitali. Alivaa blauzi yake ya kanisani. Jirani yetu alikuwa amemwambia, "Sema una usonji, au sema ukiwa katikati ya watu unachanganyikiwa akili. Wote wanasema hivyo, na wote wanapewa." Verna alikataa. "Ninao ugonjwa wa kutosha," alisema. "Sihitaji kuazima wa mtu mwingine."

Tulisubiri saa mbili na nusu mbele ya kompyuta. Hatimaye akatokea msichana aliyekuwa na beji iliyoandikwa Keely. Sauti yake ilikuwa ya upole, na macho yake yalikuwa yanasoma kitu pembeni.

"Karibu Larkmoor, mama! Nikusaidieje leo?"

Verna akaeleza. Alieleza vizuri, bila kulia, dakika nne hivi. Keely alitikisa kichwa kwa huruma mpaka mwisho.

"Pole sana kwa unayopitia. Je, tatizo lako ni la ukuaji wa akili, kama usonji au mfano wake?"

"Hapana. Ni neva. Barua za daktari hizi hapa."

"Samahani, barua za daktari haturuhusiwi kuzitazama. Kadi hii kwa sasa ni ya watu wenye matatizo ya ukuaji wa akili peke yake. Kwa shida ya kusimama, tunakushauri ukodi kiti cha magurudumu."

"Sina shida ya kusimama, binti yangu. Nina shida ya kuguswa. Nikikaa kwenye kiti, mguu unatangulia mbele, kila anayepita anaugonga. Na kile kiti kikitikisika kwenye matofali..."

"Naelewa kabisa."

"Sidhani," Verna akasema taratibu. "Sikiliza. Siombi kumtangulia mtu. Kama foleni ni dakika tisini, nitasubiri dakika tisini. Hata mia mbili. Naomba tu kusubiri mahali ambapo hakuna atakayenikanyaga."

Nilimwona msichana ameacha kusoma, akamtazama Verna machoni, na kwa sekunde moja nikadhani tumepata. Kisha macho yakarudi pembeni.

"Unaweza kutoka kwenye foleni ukizidiwa, halafu ukarudi kwa familia yako. Mwambie mfanyakazi aliye mlangoni. Na pia tuna tikiti za Lango la Haraka, zinapatikana kwa malipo kwa wageni wote."

Mama yangu alikuwa amesimama nyuma ya friji asionekane. Hapo uvumilivu ulimwisha. "Ahaa! Kwa hiyo ugonjwa haupiti, pesa zinapita!"

"Mama, tafadhali," nikasema.

Lango la Haraka kwa watu wanne lilikuwa na bei kubwa kuliko safari yetu nzima, hoteli na petroli pamoja. Keely akatutakia siku ya maajabu, picha ikazimika. Verna akazikusanya barua zake moja moja. Blauzi ya kanisani alikaa nayo mpaka wakati wa chakula cha jioni.

"Ungedanganya tu," Mama akamwambia wakati anakata mkate. "Nani angejua?"

"Tansy angejua," Verna akajibu. "Angenisikia."

Tulikwenda wote wanne, pamoja na Mama. Tuliondoka alfajiri, tukasimama njiani kununua karanga za kuchemsha, Tansy akaimba hadi mpaka wa Florida. Verna aliweka mguu juu ya mto, amevaa kandambili kubwa za kiume alizozilegeza mkanda ili pasiwe na kinachombana juu.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, tulikuwa mbele ya Safari ya Mwezini. Ubao ulionyesha dakika mia na kumi. Verna akamwendea kijana wa mlangoni, akamweleza aliyoambiwa na Keely: familia itapanga foleni, yeye atasubiri nje, wakikaribia atawafuata.

"Sijawahi kusikia hiyo," kijana akasema. Akaita mwenzake. Mwenzake akasema ipo, lakini lazima aanze kwa kuingia ndani na sisi, ndipo aombe kutoka. Verna akataka kujua kwa nini. Hakuna aliyejua kwa nini. Basi akaingia na sisi, hatua ishirini, akageuka, akatoka akipenya kwenye watu wote walioingia nyuma yetu.

Alisimama kivulini kando ya choo saa nzima na zaidi. Nilikuwa namwona kila foleni ilipokunja kona upande ule, ameegemea ukuta, amenyanyua mguu kama kuku. Tulipobakiza kona mbili nikampigia simu.

Kurudi ndiko kulikomwua. Watu mia mbili wamesimama juani wakati wote huo, halafu mwanamke anayetembea kwa miguu yake, bila gongo, bila bandeji, anaomba njia. "Samahani. Samahani. Familia yangu iko mbele." Nilizisikia sauti kabla sijamwona.

"Huyo anakwenda wapi?"

"Eti familia! Na mimi familia yangu iko mbele basi!"

Mwanamume mmoja mnene, mwenye kofia ya timu ya mpira, alinyoosha mkono akaziba njia kabisa. "Bibi, hapa wote tuna miguu."

"Wangu unaniuma," Verna akasema. "Nimeruhusiwa, muulize pale mlangoni."

"Unakuuma! Huo huo uliokuleta mbio?"

Watu wakacheka. Mkewe akasema mwache apite, Gary. Gary akashusha mkono, lakini hakusogea, Verna akalazimika kujipinda ubavu kumpita. Mtoto wa Gary alikuwa na kikombe cha barafu iliyosagwa, ya bluu, yenye sharubati. Mtu yeyote angesema ni ajali, na ilikuwa ajali. Kikombe kilipinduka. Barafu yote ikamwangukia Verna juu ya mguu wa kushoto.

Sijui kama mmewahi kusikia mtu mzima akipiga ukelele ule. Mimi nilikuwa sijawahi, hata siku Tansy anazaliwa. Alianguka chini kati ya minyororo, akaushika mguu chini ya goti kama anataka kuung'oa, na ukelele ukaendelea. Watu wakarudi nyuma ghafla, nafasi ikapatikana. Ile nafasi aliyoiomba mwezi mzima.

"Barafu tu jamani," mtu mmoja akasema. "Barafu!"

"Anaigiza. Anataka apelekwe mbele."

Simu zikanyanyuliwa. Tatu, nne, zinamrekodi. Mama yangu akafunika uso kwa mkoba, akanong'ona, "Aibu gani hii, Royce." Na mimi nilipofika pale, nikiwa nimeruka minyororo miwili, nilipiga magoti karibu na mke wangu niliyeoana naye miaka kumi na sita iliyopita, na haya ndiyo maneno niliyomwambia:

"Verna, inuka. Watu wanatazama."

Ukelele ulikatika palepale. Akanitazama, uso umejaa jasho na sharubati ya bluu, akaziba mdomo wake kwa mkono wake mwenyewe. Akainuka.

Walikuja watu wawili na kiti cha magurudumu, wakatupeleka kwenye chumba cha huduma ya kwanza. Muuguzi mmoja mzee aliuosha mguu kwa maji ya vuguvugu bila kuugusa, akimimina tu, na hakuuliza swali lolote la kijinga. Baada ya hapo akaingia meneja, Bwana Ostrander, shati jeupe, tabasamu. Akamwomba radhi Verna kwa usumbufu. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kadi nne za dhahabu.

"Lango la Haraka, familia yote, siku nzima. Kutoka kwetu."

Verna alizitazama zile kadi mkononi mwake. "Kwa hiyo mnazo mifukoni."

"Ni kwa hali maalumu, mama."

"Na hali maalumu ni kupiga kelele?"

Bwana Ostrander aliendelea kutabasamu. "Natumaini siku yenu itakuwa nzuri kuanzia sasa," akasema, akaziweka kadi juu ya meza, akatoka.

"Haya, angalau tumepata," Mama akasema. "Twende basi, mtoto asikose."

Tansy alikuwa amekaa pembeni, mikono ameibana katikati ya magoti. "Mimi sitaki tena," akasema.

"Utakwenda," Verna akamwambia. "Nimeshailipia. Nenda na baba."

Tulikwenda, mimi na yeye, mlango wa pembeni, bila kusubiri hata dakika tatu. Vigari vilikwenda polepole kweli, na mji wa taa ulikuwa mzuri. Tansy aliushika mkono wangu njia nzima mpaka tuliposhuka. Ndipo akaniuliza, "Baba, ulimwambia mama nini pale chini?"

Nikamwambia nilimuuliza kama ameumia.

Mwezi uliofuata Verna aliwaandikia Larkmoor barua ya kurasa tatu. Walimjibu kwa aya moja: wanathamini maoni yake, na wanamwomba ajaze dodoso kuhusu ziara yake, kuanzia nyota moja mpaka tano. Aliisoma akiwa amesimama, akaitupa kwenye pipa la taka, akaendelea kumenya viazi.

Tangu hapo hajaniambia tena kwamba mguu unauma. Zamani alikuwa akiniambia asubuhi, akiniambia jioni, na nilikuwa nachoka, Mungu anisamehe, nilikuwa nachoka kusikia. Sasa nikimuuliza anasema, "Nzuri tu, Royce." Anaendesha gari, anakwenda dukani, anakaa kwenye mikutano ya shule. Mama yangu anamwambia kila mtu kanisani kwamba Florida imemponya mkwe wake.

Jumapili iliyopita tulikuwa mezani, watu wengi, wajomba na mashangazi wamekuja, na mpwa wangu mdogo akapita chini ya meza akitambaa. Nilimwona Verna anakaza taya. Nilimwona anashika ukingo wa meza mpaka kucha zikawa nyeupe. Nilijua kabisa mtoto amegusa nini.

"Verna?" nikasema.

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni anayeuliza njia.

"Nipitishie chumvi, tafadhali," akasema.