Jibu la Alhamisi

Kazi yenyewe inachukua dakika saba. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani palikuwa na ugumu wowote. Unafungua ukurasa wa ruta, kile kisanduku kinachorusha mtandao, unatenganisha masafa mawili ya mawimbi yake, kila moja unalipatia jina lake, unahifadhi, unasubiri taa zitulie. Nimeifanya kwenye nyumba za watu zaidi ya mara mia mbili. Nyumbani kwetu ilinichukua siku kumi na tatu, na mama yangu hakuzimaliza.

Mimi ni fundi wa mtandao. Nafunga waifai majumbani, natoboa kuta, navuta nyaya, natukanwa na wateja. Kazini wananiita Kawaida, kwa sababu ndilo jibu langu. Mteja akilalamika kwamba taa inawakawaka, namwambia ni kawaida. Akisema chumbani mtandao unakatika, ni kawaida, kuta zenu nene. Mara tisa kati ya kumi huwa ni kweli. Ile ya kumi mteja anapiga simu ofisini na kupokelewa na mtu mwingine. Ukipanda ngazi za nyumba nane kwa siku, na kila nyumba ina bingwa wake aliyesoma mambo kwenye simu, nawe utatafuta neno la kujikingia.

Mama niliishi naye mimi. Sebule mbele, chumba changu katikati, chake nyuma kabisa, upande unaopata jua la jioni. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu na masikio nayo yakafuata. Sikio la kushoto bado lilisikia kidogo ukimsogelea. Simu hakuiweza tena. Aliishika mbali na uso, akaiuliza kama kuna mtu, kisha akanirudishia.

Mdogo wangu, binti wa pekee wa mama, yuko nchi ya mbali anatunza wazee wa watu. Anawaogesha, anawalisha, anawabadilishia mashuka. Vibali vyake vilikuwa havijakamilika, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Mzee wa kwake mwenyewe akaniachia mimi. Ndiye aliyenunua ile kamera ndogo akaituma, nami nikaiweka juu ya kabati, ikitazama kiti cha mama. Ilikuwa kamera ya bei ya chini, haihifadhi kitu. Inaonyesha kinachotokea muda huo huo, basi. Sauti ya huku inakwenda, ya kule hairudi.

Kila siku saa kumi mdogo wangu alikuwa na mapumziko kazini. Akifungua simu yake anamwona mama. Na mama hakuichukulia saa kumi kama saa nyingine. Kuanzia saa tisa alidai maji ya kunawa, mafuta, na kitambaa cha kichwa kisicho cha jana. Nilimshika mkono tukafika kwenye kiti, taratibu, nami nikatoka. Alitaka kuzungumza na mwanawe bila mimi kusimama pale kama askari. Robo saa hivi anaongea, anacheka, anasema jirani kafanya nini. Baadaye ujumbe unaingia kwenye simu yangu, naenda kumsomea kwenye sikio la kushoto. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na yalimtosha. Kitu kingine cha kumtoa kitandani hakikuwepo.

Kamera ilikuwa na taa moja. Ikishika mtandao inawaka buluu. Isiposhika inawaka nyekundu.

Jumatatu moja kampuni ilitugawia mafundi ruta mpya. Ile yetu ya zamani ilikuwa na masafa ya aina moja tu, yale ya polepole yanayofika mbali na kupenya kuta. Mpya ilikuwa na ya aina mbili: hayo ya zamani, na mengine yenye kasi ajabu lakini ukuta mmoja tu unayachosha. Mimi nilikuwa na msimu wa mpira mbele yangu na picha ya mtandaoni iliyokuwa ikigandaganda kila mtu akikaribia goli. Nikaifunga siku hiyo hiyo, hata viatu sijavua.

Ruta ya zamani ilikuwa na jina ambalo mama alilichagua mwenyewe. Nilipoifunga nilimuuliza tuiiteje, akafikiri, akasema, “Karibuni.” Nikamwambia ukimkaribisha kila mtu wataiba mtandao. Akasema atakayeiba basi alikuwa anauhitaji. Mpya nikaipa jina langu, Kawaida, kwa majivuno tu. Masafa yote mawili nikayaacha chini ya jina hilo moja, kama yalivyotoka kiwandani. Ndivyo tunavyofanya kwa wateja pia. Ukiyatenganisha mteja anaona majina mawili, anapiga simu kuuliza lipi ni lipi, na simu hiyo unapokea wewe.

Kamera ya mama ilijua masafa ya zamani tu, na ilikuwa inatafuta Karibuni. Karibuni haikuwepo tena.

Jioni ileile mama aliniuliza mbona kale kataa kamekuwa kekundu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja tayari uko sebuleni. Nikainama kwenye sikio lake nikamwambia ni kawaida, ruta mpya imebadilisha rangi. Akaridhika. Mwanawe ni fundi, angebishana naye kwa lipi? Akakigeukia kile kitaa chekundu, akajirekebishia kitambaa, akaanza kuongea.

Jumanne mdogo wangu aliandika kwamba kamera haionekani. Nikamjibu nitaiangalia kesho. Akaandika tena: mwambie mama imeharibika, asijisumbue bure. Ujumbe huo niliusoma mara mbili, na sikumwambia mama. Ningemwambia angeuliza nani kaiharibu. Halafu angesema, basi leo sina haja ya kuoga, niache nilale. Hivyo ndivyo nilivyojieleza moyoni, na nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba niliona aibu.

Lakini saa kumi na robo mama alikuwa anasubiri ujumbe wake. Nikamwinamia na simu mkononi, nikamsomea: anasema amekuona, umependeza, ule vizuri. Hakuna aliyekuwa ameandika hivyo. Mama akacheka, akasema huyu mtoto na chakula, utadhani nina miaka minne.

Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Jumatano haukuwa mzito tena.

Hiyo Jumatano nilijaribu kweli, nisijionee kupita kiasi. Nilichukua simu niiunganishe kamera upya. Programu yake ikakataa: simu iko kwenye masafa ya kasi, kamera haiyajui, badilisha masafa. Nisingeweza kubadilisha bila kwanza kuyatenganisha kwenye ruta, na kuyatenganisha ni kuizima na kuiwasha, na mechi ilikuwa inaanza baada ya dakika tano. Nikasema kesho. Waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo walikuwa wanamjua mtu kama mimi.

Alhamisi mama alichukua muda mrefu kuliko siku zote. Aliomba kitambaa cheupe, kile cha kutokea. Kitini kwanza alilaza mikono mapajani, akitazama kamera. Nilitoka. Kutoka sebuleni niliisikia sauti yake, ya chini, bila kicheko hata kimoja. Kama ningepunguza sauti ya televisheni ningesikia kila neno. Mlango ulikuwa wazi na mimi sina uziwi. Nilisikia sehemu moja tu, mchezaji alipoumia na watangazaji wakanyamaza. Mama alisema, “Nijibu ukweli, usinifurahishe.” Kisha uwanja ukalipuka tena.

Nilipoingia alikuwa amenigeukia tayari.

“Kajibu nini?” akaniuliza.

Nilikuwa na nafasi hapo. Mtu mzima mwenye akili angepiga magoti pale, akasema mama, hajakusikia, kamera haifanyi kazi tangu Jumatatu, niambie mimi ulichomwambia nimwandikie. Mimi nilimtazama usoni nipime anataka kusikia nini. Ndivyo ninavyowatazama wateja. Nikaona anataka kukubaliwa. Nikainama kwenye sikio la kushoto.

“Kasema ndiyo.”

Akaniangalia.

“Ndiyo tu?”

“Ndiyo, mama. Hivyo tu.”

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Machozi yalimtoka, lakini uso haukukunjamana, na hakuyafuta. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, nimrudishe kitandani, amechoka vizuri. Maneno yake ndiyo hayo, amechoka vizuri.

Ijumaa saa tisa nilimpelekea maji ya kunawa. Akasema leo hapana. Nikamwambia binti yako atakusubiri. Akasema, “Hanisubiri. Tumeshamaliza.” Nikafurahi, nasema kweli, kwa sababu siku hiyo nisingehitaji kutunga kitu.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea chai nikamkuta amelala ubavu, ameelekea kabatini, na kamera inawaka nyekundu. Chai niliiweka chini kabla ya kumgusa. Nilikuwa nimejua.

Mazishi mdogo wangu aliyaona kwenye simu ya binamu, picha ikikatika. Mtandao wa pale ulikuwa mbovu na watu walinigeukia mimi, eti fundi, fanya kitu. Hakukuwa na cha kufanya. Mmoja akanitania kwa upole kwamba kinyozi hajinyoi, akijaribu kunichangamsha, nami nikaenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka wakanitafuta.

Wiki ile mdogo wangu hakunilaumu hata mara moja. Ningependa angenilaumu. Alinipigia Jumamosi iliyofuata, akaniomba kitu kimoja tu, nitengeneze kamera. Anataka kukiona chumba kabla sijakitoa vitu.

Nikafungua ukurasa wa ruta. Nikatenganisha masafa. Yale ya kasi yakabaki na jina langu, na yale ya polepole nikayarudishia jina la Karibuni na nywila ya zamani, ambayo ni tarehe ya kuzaliwa kwa mama. Ruta ikazima, ikawaka. Nikaenda chumbani kusubiri. Kamera haikuhitaji hata kuguswa. Iliisikia Karibuni, na taa ikawa buluu yenyewe. Nilitazama saa. Dakika saba hazikutimia.

“Naona,” mdogo wangu akasema kwenye simu. Nilikuwa nimefungulia sauti na kuiweka kitandani, juu ya godoro lisilo na shuka. Nikamsikia anavyopumua. Kisha akasema, “Kaka, kaa kwenye kiti chake.”

Nikakaa. Kiti kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani. Kumbe kutoka pale mama alikuwa anaiona kamera kwa juu, akiinua kidevu.

“Mwaka mzima nilimsikia mpaka anavyokohoa,” akasema. “Siku zile za mwisho ndizo sina. Wewe ulikuwepo. Nipe hizo tu. Alikuwa anasema nini?”

Nikampa nilizokuwa nazo. Jumatatu alilalamikia kitambaa cha kijani kwamba kinambana. Jumanne alisimulia kuku wa jirani walioingia jikoni. Jumatano aliimba kidogo, sikuyashika maneno. Mdogo wangu alicheka kwa kuku, akalia kwa wimbo. Ningeweza kuishia hapo. Hakuna mtu duniani aliyejua zaidi, na njia ya mwongo si fupi siku zote. Yangu ingeweza kunifikisha kaburini kwangu salama. Lakini taa ilikuwa buluu, na yeye alikuwa ananitazama.

“Alhamisi alikuuliza kitu,” nikasema.

“Kitu gani?”

“Sikusikia. Nilikuwa naangalia mpira.”

Nikaendelea kwa sababu kunyamaza kulikuwa kugumu zaidi. Nikamwambia kuhusu kitambaa cheupe, sauti ya chini, na yale maneno mawili matatu niliyoyadaka, nijibu ukweli, usinifurahishe. Nikamwambia kwamba mama hakujua kuwa kamera haioni. Mama nilikuwa nimemwambia ile taa nyekundu ni kawaida.

“Kwa hiyo alikaa anasubiri jibu langu,” akasema.

“Hakusubiri sana. Nilimsomea.”

“Ulimsomea nini? Mimi sikuandika kitu.”

“Najua.”

Huko aliko nilisikia mlango ukifungwa, na mtu mzee akiita kwa lugha ya kwao. Mdogo wangu hakumwitikia.

“Kaka,” akasema, taratibu, kama anayemwongoza mtu ngazini. “Mama aliniuliza swali lake la mwisho. Mimi nilimjibu nini?”

“Ulimjibu ndiyo.”

Simu ilibaki wazi juu ya godoro. Sikuinuka, kwa kuwa hakuniambia niinuke. Kamera iliendelea kuwaka buluu, naye aliendelea kunitazama, na mimi sikujua niuweke wapi uso wangu.