Prasadi ya Dukani

Kila alfajiri, kabla kunguru wa mtaa wa Sadashiv Peth hawajaanza kugombana, Ketaki Phadnis alimuaga mama mkwe wake akisema anakwenda hekaluni. Na kila alfajiri alikuwa anadanganya.

Tusimwonee. Siku za mwanzo alikwenda kweli. Daktari alikuwa amemwambia sukari yake imefika mlangoni na inabisha hodi, na kama hatapunguza mwili, itaingia ikae. Indutai, mama mkwe wake, aliposikia hivyo akaweka nadhiri papo hapo: Ketaki atakwenda kwa Ganpati, mungu mwenye kichwa cha tembo, kila alfajiri, kwa miguu, mpaka sukari ishuke. Na yeye Indutai, pamoja na magoti yake yanayolia kama bawaba kuukuu, atashika jiko. Chai, mboga, chapati za mwanawe Shirish, mume wa Ketaki, za kubeba kazini, vyote yeye.

"Mama, na magoti yako?" Ketaki aliuliza.

"Magoti yangu yanasimama kwa ajili ya Mungu, siyo kwa ajili yako. Nenda."

Basi akaenda. Balaa lilikuwa nje ya hekalu, kwenye kibanda cha chai. Wanawake waliovaa kofia ngumu walikuwa wakinywa chai na kucheka, baiskeli zao zimeegemea ukuta. Mmoja wao alikuwa Manjiri, daktari wa meno, waliyesoma naye shule.

"Shoga! Umenenepa!"

"Na wewe bado huna haya."

"Haya nilizing'oa pamoja na magego ya watu. Njoo, panda hii."

Ketaki hakuwa amegusa baiskeli tangu aolewe. Aliikunja kurta yake, kanzu ya kufika magotini, akaifunga fundo kiunoni, akazunguka bustani akiyumba kama mlevi anayetafuta mlango wake, huku akiwapigia mbwa kelele wampishe. Aliposhuka, uso ulikuwa unacheka wenyewe, haumwombi ruhusa. Siku hiyo hakuingia hekaluni. Alijiambia ataingia kesho. Kesho yake wenzake walikuwa wanakwenda bwawani Khadakwasla.

Manjiri alimpa baiskeli ya dada yake aliyehamia ughaibuni, ikawa inalala chini ya ngazi za kliniki. Ketaki akawa anatoka nyumbani na uso wa mtu wa ibada, akifika kliniki anavaa kofia, anageuka mtu mwingine.

Lakini mtu hatoki hekaluni mikono mitupu; hutoka na prasadi, chakula kilichobarikiwa mbele ya Mungu. Siku ile ya kwanza ya uongo alimkuta Indutai mlangoni, kiganja wazi.

"Prasadi iko wapi?"

"Nimesahau, Mama."

"Umemsahau Mungu ukiwa mlangoni kwake?"

Kesho yake Ketaki alisimama kwenye duka la vitamutamu pale kona, akanunua peda moja, kidonge kile cha maziwa na sukari kinachoyeyuka mdomoni kabla hujakitafuna. Akachuma ua jekundu kwenye ua wa jirani, rangi anayoipenda Ganpati, akaliweka juu. Uongo ukatoka umependeza kuliko ukweli.

Sasa, Indutai mwenyewe alikuwa na sukari ya miaka. Harusini hagusi kitamu. Sikukuu anapikia wengine, anaishia kunusa. Lakini prasadi si kitamu, prasadi ni prasadi; mkono wa Mungu haudhuru. Aliipokea peda kwa mkono wa kulia, akaigusisha kwenye paji la uso, akaila taratibu, macho amefumba. Ketaki alilitazama friji. Alilisoma jina la kampuni iliyolitengeneza kana kwamba ataulizwa kwenye mtihani.

Angekuwa ameacha? Aliwaza kuacha. Ila ungemwona kwenye mlima wa Katraj! Mwanzoni alikuwa akishuka na kuisukuma baiskeli kama mchuuzi mwenye mkokoteni, malori yakimpigia honi. Kisha siku moja, katika ile kona ambayo pumzi humwishia, pumzi haikuisha. Akabadilisha gia, akaendelea. Manjiri nyuma yake akapiga kelele, "Nani anakukimbiza, mama mkwe?" Akafika juu, jasho linamwingia machoni, mji wote chini yake umejaa ukungu, akacheka peke yake kama mwehu. Kuteremka ndiko usiseme. Alifumbua mdomo, upepo ukaingia, akaimba. Mwanamke wa Sadashiv Peth, mke wa mtu wa bima, anaimba barabarani!

Kisha katikati ya wimbo akamkumbuka Indutai mbele ya jiko, mkono mmoja kwenye chapati, mwingine umeshika goti.

Hapo ndipo alipopata tabia ya ajabu. Kadiri dhamiri ilivyomuuma, ndivyo peda ilivyokua. Akienda karibu, ananunua ndogo. Akienda bwawani, kubwa. Siku ya Katraj alimwambia mwenye duka, "Nipe ile yenye lozi, ile nene." Na Indutai akasema, "Leo Mungu amefurahi."

Alijaribu kusema. Siku moja alipita kwa mbali: "Mama, siku hizi wanawake wengi wanaendesha baiskeli. Kwa ajili ya afya."

Indutai hakugeuka. "Waendeshe. Wana wa kuwapikia." Akageuza chapati. "Mimi ningekuwa nasimama hapa kwa ajili ya mtu aliyekwenda kucheza, magoti haya yangenizomea. Lakini kwa Mungu, hata sijui kama nimesimama."



Ulipofika wakati wa kupima, walikwenda kwa daktari wote wawili. Daktari akatazama majibu ya Ketaki, akatabasamu. "Hongera! Imeshuka vizuri. Umefanyaje?" Kabla Ketaki hajafungua mdomo, Indutai alishajibu: "Ganpati." Machozi yalikuwa yamemlenga.

Kisha daktari akatazama karatasi ya pili, tabasamu likaondoka.

"Bibi, unakula nini?"

"Sili kitu. Ninachokula ni prasadi tu."

"Kiasi gani?"

"Kiduchu." Akaonyesha kwa vidole. Hakikuwa kiduchu. Ketaki aliijua ile saizi, ilikuwa ya Katraj.

Daktari akamwongezea vidonge, akamwonya kuhusu macho na figo. Ketaki alisikia kila neno likitua.

Kwenye bajaji ya kurudi nyumbani Indutai alikuwa mchangamfu kupita kiasi. "Kijana yule anadhani mimi ni ghala la dawa. Vidonge vyake sivimezi. Hata vile vya zamani naviacha."

"Mama!"

"Wewe ulimeza? Hukumeza hata kimoja. Ulikwenda kwa Ganpati, sukari ikashuka. Kwani ana ugomvi na mimi? Kuanzia kesho niletee mbili."

Hapo Ketaki aliona njia mbili. Akinyamaza, Katraj yake inabaki, kofia yake, wimbo wake, na mama huyu anapofuka polepole kwa peda za lozi. Akasema haraka, kabla hajajionea huruma.

"Mama, hazitoki hekaluni."

"Nini?"

"Peda. Nanunua pale kona."

Dereva akapunguza mwendo ili asikie vizuri.

"Zote?"

"Zote. Tangu siku ile ya kwanza uliponiuliza."

"Na wewe ulikuwa unatoka wapi na jasho lile?"

"Kwenye baiskeli, Mama. Naendesha na Manjiri na wenzake. Mpaka bwawani. Mpaka Katraj."

"Katraj?" dereva akadakia. "Mlima wote ule kwa baiskeli, dada?"

"Wewe endesha!" wakamjibu wote wawili kwa pamoja.

Indutai akatazama nje. Wakapita duka la vitamutamu. Mwenye duka, kwa bahati mbaya yake Ketaki, akampungia mkono kama mteja mpendwa.

"Ilikuwa inakufurahisha?" Indutai aliuliza hatimaye.

Ketaki angeweza kusema ilikuwa dawa tu, kwamba alijilazimisha. Lakini alikuwa ameshiba uongo.

"Ndiyo, Mama. Sana."

"Mimi nilikuwa nafumba macho nikizila," Indutai akasema.

Nyumbani aliomba maji, akavimeza vidonge vyake, vya zamani na vipya, kimojakimoja, Ketaki akiwa amesimama na glasi. Angegombezwa angelala vizuri. Hakugombezwa.

Asubuhi iliyofuata aliamka mapema kuliko kawaida ili awahi jiko. Akamkuta Indutai ameshalishika.

"Mama, leo nipike mimi. Tafadhali."

"Nadhiri niliweka mimi, hukuiweka wewe. Sukari yako imeshuka, imebaki kushukuru. Nenda ukashukuru."

"Kwa miguu?"

"Kwa chochote ulichozoea."

Ketaki alilipima neno hilo njia nzima na hakujua kama lilikuwa ruhusa au sindano. Akachukua baiskeli kliniki, akaenda hekaluni moja kwa moja. Akaketi mbele ya Ganpati na suruali yake ya kuendeshea. Kuhani alipogawa, alimwomba kitu kisicho na sukari. Akapewa kipande cha nazi.

Akarudi nayo mpaka getini, baiskeli mkononi, kwa mara ya kwanza majirani wakiona. Indutai alikuwa mlangoni. Alinyoosha kiganja kama siku zote.

"Ya kweli hii?"

"Ya kweli, Mama."

Akaipokea kwa mkono wa kulia. Akaigusisha kwenye paji la uso. Kisha akamgeukia mwanawe Shirish, aliyekuwa anafunga kamba za viatu, akamtia mdomoni kipande chote.

"Meno yangu siku hizi hayawezi nazi," akasema.

"Tamu," Shirish akasema, huku anatafuna. Yeye hakujua lolote.

Jana yake jioni tu Ketaki alikuwa amemwona mama huyu mbele ya televisheni akitafuna bakuli zima la karanga za kukaanga, akizivunja kama kijana. Akanawa mikono, akaingia jikoni, akanyoosha mkono auchukue mti wa kusukumia chapati. Indutai hakuuachia.

"Miguu yako imechoka," alimwambia, kwa upole kabisa. "Kaa."

Ketaki akakaa. Kilikuwa kiti kile kile cha kila siku, chenye mto, na hata tandiko la baiskeli wiki ile ya kwanza halikumuuma hivyo.