Mahojiano Yaliyofuliwa

Mahojiano yalirudi baada ya chakula cha mchana, yamefuliwa, yamepigwa pasi, hayana tena harufu ya mtu. Bodil aliyasoma akiwa amesimama. Alipomaliza aliyarudia tangu mwanzo.

Alikuwa Mdenmark, mwandishi wa miaka mingi, aliyeletwa Ujerumani na mpango wa kubadilishana waandishi kati ya nchi hizo mbili. Malte, wa gazeti hili, alikwenda kukalia kiti chake kule Denmark. Yeye akaja kukalia cha Malte hapa, katika mji mdogo unaonuka machinjio kila upepo ukigeuka. Kwenye sherehe ya kuwaaga waliambiwa kwamba wanakwenda kufunguliwa macho. Basi yake yalikuwa yamefunguka, na alitamani kuyafumba.

"Lührs," alimwita naibu mhariri, "nani kayagusa haya?"

Eggert Lührs alikuwa akila keki ya siagi juu ya kibodi. "Ofisi ya Tietjen. Niliwatumia wayapitishe."

"Wayapitishe? Bila kuniambia?"

"Kwani hukujua, mama? Hapa kwetu mtu akihojiwa anapelekewa maneno yake ayaangalie kabla hatujachapa. Ni ustaarabu tu. Ninyi kwenu mnamvizia mtu?"

"Kwetu mtu akisema, amesema."

"Ndiyo maana wakubwa wanawakimbia!" Lührs alicheka, makombo yakamruka.

Bwana Tietjen, mwenye machinjio, alikuwa amesema, tena kinasa sauti kikiwa mbele ya pua yake. Bodil alimuuliza kwa nini watu wanane wanalazwa chumba kimoja chenye kuvu nyeusi ukutani, ilhali nyumba ni yake na kodi anaikata kwenye mishahara yao. Tietjen alijikuna shingo. "Nguruwe wangu wamebanana kuliko hao," alijibu, "na hajatokea hata mmoja wa kuja kulia gazetini." Kisha akammiminia mgeni wake kahawa.

Habari za chumba hicho zilitoka kwa Zlatka, Mbulgaria anayekata mabega ya nguruwe, aliyemwingiza Bodil kwa mlango wa nyuma siku ya Jumapili. Magodoro yalikuwa yamelowa. Bodil alishika shuka moja, akajuta kulishika.

"Wakijua nimekuleta, nimekwisha," Zlatka alimwambia. "Kwa hiyo usije ukaniandikia upepo mtupu, dada. Muulize yeye, na atakachojibu kiandike hivyo hivyo."

"Neno kwa neno," Bodil alisema, akampa mkono.

Sasa neno kwa neno lilikuwa hili: "Ustawi wa wafanyakazi wetu tunaupa kipaumbele kila siku." Hata swali lilikuwa limebadilishwa. Bodil alionekana kumuuliza Bwana Tietjen amewezaje kuwapatia watu wake makazi wakati nyumba zimekuwa adimu hivi.

"Hata mimi nimefuliwa!" Bodil alipiga meza. "Swali hili si langu. Mimi sijamramba mtu miguu."

"Wamelinyoosha kidogo tu. Usikuze mambo."

"Basi toa jina langu."

"Haiwezekani. Ukurasa wote ni wa mpango wenu. Jina la Mdenmark ndilo tunalouza."

Ukatoka hivyo, na picha yake juu, anatabasamu kama mjinga. Jioni ulimfikia ujumbe wa Zlatka: "Nimesoma. Asante kwa upepo."

Bodil alijichukia. Aliuangalia mkono wake aliompa yule mwanamke, akaona uchafu ambao sabuni haitoi. Akamtumia Malte sauti yote ya Tietjen, halafu akampigia simu.

"Wewe ndiye umekalia kiti changu," alisema. "Huko mtu akisema, amesema. Iandike."

"Bodil, mimi nitarudi hapo. Lührs ni bosi wangu."

"Najua. Sikiliza kwanza."

Malte alisikiliza. "Mshenzi huyu," hatimaye Malte alisema. "Na sisi tumemchapia ustawi."

Habari ikatoka Denmark, kwa Kidenmark, pamoja na yale maneno ya nguruwe. Lührs aliingia asubuhi akiwa na nakala yake mkononi, uso unang'aa kama bwana harusi.

"Umeona? Imechapwa! Sasa na sisi tunaweza kuandika!"

"Si ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo haijapitishwa. Sasa anayesema ni gazeti la Denmark, sisi tunanukuu tu. Mikono yetu safi."

Bodil aliitazama mikono hiyo. Ilikuwa na mafuta ya keki hadi kwenye kucha.

"Haya, kimbia kwa yule Mbulgaria wako," Lührs aliendelea. "Jina, picha, godoro, machozi yakiwepo. Ukurasa wa kwanza!"

"Na maneno yake nimpelekee ayapitishe?"

Lührs alishangaa kwa dhati, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomchefua Bodil kuliko yote. "Huyo? Ayapitishe ya nini? Huyo ana ofisi?"

Bodil alichukua kalamu nyekundu mezani kwa Lührs, akavaa koti, akatoka.

Alimkuta Zlatka nyuma ya nyumba, akianua nguo zilizokataa kukauka. Aliketi naye kwenye ngazi, akaandika kila alichoambiwa, akamsomea, kisha akampa karatasi pamoja na kalamu.

"Usilolitaka, futa."

Zlatka alimtazama usoni kwanza, kama anayepima iwapo anachezewa tena. Halafu akainama, akapitisha kalamu juu ya jina lake mpaka halikusomeka. Mengine yote aliyaacha.