Mmea Uliopewa Karatasi ya Njia

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa sebuleni, Elisabeth alichovya kidole katika udongo wa chungu kikubwa kilichosimama karibu na dirisha. Akikuta udongo umekauka, aliumwagilia mmea maji yaliyolala ndani ya nyumba, kwa kuwa maji ya mto wa Masisi yalikuwa baridi mno kwa kiumbe cha msituni. Kisha aliyapangusa majani, mbele na nyuma, na kuifunga ncha yake changa kwenye nguzo kwa kamba ya mgomba. Mmea huo ulikuwa umeletwa kutoka Ntoto, upande wa Walikale, kwa gari la mawese. Elisabeth naye alikuwa ameletwa kwa gari lilo hilo, kuja kufanya kazi za nyumba.

Katika msimu wa mvua wa mwaka 1953, Damien, dereva wa gari hilo, alisimama mlangoni mwa jikoni akiwa bado ameshika kofia.

"Dada Elisa, mama yako iko mugonjwa ya kufa. Ameshasaga ule udongo mweupe. Anakungojea wewe tu."

Katika ukoo wao, mzazi anayeaga dunia humpaka kitindamimba wake udongo mweupe kwenye paji la uso, na mtoto hujibu, "Nimepokea." Asiyepakwa, au asiyejibu, huishi kama mgeni hata nyumbani kwake. Elisabeth alikuwa kitindamimba.

"Nipeleke, kaka."

"Bila karatasi ya njia? Watatufunga kasho moja sisi wawili, na mimi njo nakoroma!"

Elisabeth alimwendea Madamu, mke wa mwenye shamba la pareto, ambaye bila ruhusa yake karatasi hiyo ya kibali cha safari haikutolewa.

"Nakuhurumia," alisema Madamu. "Lakini hii maua nani atapangusa? Nikikuachilia, itakufa."

Tangu saa hiyo Elisabeth hakutulia. Alianza kufagia chumba akakiacha katikati, akaenda dirishani, akarudi. Mmea nao haukutulia. Alipoufunga kwenye nguzo asubuhi, mchana ulikuwa umejinasua. Kabla ya wiki kwisha, ulipitisha ncha yake dirishani, ukashuka ukuta, ukakatiza shamba la pareto na kushika barabara ya Walikale.

Watu wa kutengeneza barabara waliuinua kwa uangalifu, wakaulaza kando, wakaendelea kuchimba mifereji. Mwanamke mmoja wa Nyabiondo alianika nguo juu yake. Wachunga ng'ombe walilalamika kwamba unawapita kwa kasi bila kusalimu.

Athanase, karani wa ofisi ya karatasi za njia, alifika akitokwa jasho.

"Madamu, maua yenu iko inatoka Masisi bila karatasi."

Madamu alisikitika, akaomba radhi, na kabla ya chai ya jioni mmea ulikuwa na karatasi yake, yenye muhuri, iliyofungwa shinani kwa utepe. Elisabeth ndiye aliyeagizwa kuufunga utepe huo. Aliufunga vizuri.

Huko Ntoto, mmea uliingia mlangoni na kupanda kitanda. Mama yake Elisabeth aliugusa, akatambua jinsi ulivyopanguswa.

"Hii njo mukono ya mutoto yangu," aliwaambia majirani. "Anapangusa mpaka chini ya jani. Mimi nilimufundisha hivyo kwa sahani."

Akachovya kidole katika udongo mweupe, akapaka jani la mwisho.

Doa jeupe likarudi kwa njia ya majani, jani moja likilikabidhi jingine, likapanda milima, likafika Masisi adhuhuri moja Elisabeth akiwa na kitambaa mkononi. Aliinama, akaliegemeza paji lake juu ya jani. Jani lilikuwa na joto na ukavu wa kiganja. Alipoinuka, weupe ulikuwa usoni pake.

"Nimepokea," aliliambia jani, akatazama neno lake likitikisa jani lililofuata, kisha lile la nje ya dirisha.

Neno hilo lilikuwa lingali njiani, mbele kidogo ya Nyabiondo, Damien aliporudi na habari kwamba mama amezikwa.

Elisabeth alikwenda ofisini kuomba karatasi ya kwenda matangani.

"Mama, pole," alisema Athanase bila kuinua kichwa. "Lakini nyumba yenu iko na karatasi moja ya Ntoto, na bado iko inje. Irudi kwanza."

Alirudi nyumbani. Madamu alikuwa amesimama mbele ya chungu, amefurahi.

"Elisabeth, mikono yako ni mizuri sana. Nataka ingine, ya chumba cha kulia. Hizi zinaota wapi?"

"Ntoto, Madamu."

"Basi Damien ataenda kesho kuichukua. Wewe utatayarisha chungu."

Asubuhi Elisabeth alitayarisha chungu. Damien aliwasha gari, akangoja kidogo, kisha akaondoka, kiti cha kando yake kikiwa kitupu.